Kadibodi, Boksi na Wapiga Pasi wa Marion

Badiliko lenyewe lilikuwa dogo. Wapiga pasi waliozoea kupanga pajama nusu dazeni juu ya kadibodi waliambiwa wazipange ndani ya boksi. Ndani ya siku 40, asilimia 17 ya kikundi hicho walikuwa wameacha kazi katika kiwanda cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani.

Lester Coch, mkuu wa utumishi kiwandani hapo, na mwanasaikolojia John French walilieleza badiliko hilo, lililokuwa sehemu ya jaribio lao, mwaka 1948. Wapiga pasi hawakunyanyaswa: waliitwa mkutanoni, wakaelezwa utaratibu mpya na malipo kwa kipande, wakajibiwa maswali. Hata hivyo uzalishaji ulishuka hadi vipande 50 hivi kwa saa, ilhali kiwango kilikuwa 60, ukakwama hapo. Walilalamikia malipo, lakini yalipokaguliwa yakaonekana kuwapendelea kidogo. Kwangu hapa ndipo penye kiini. Lalamiko la pesa lilibeba kinyongo cha watu waliopangiwa kila kitu.

Vikundi vingine vya jaribio hilo, ambavyo kazi yao pia ilibadilishwa, vilianza kwa kuoneshwa nguo mbili za kiwanda hicho. Moja ilikuwa imeuzwa mwaka uliotangulia kwa bei maradufu ya mwenzake. Wakaulizwa ipi ya bei nafuu, wakashindwa kuitambua. Haja ya kupunguza gharama ikaeleweka pasipo hotuba. Kikundi kimoja kikachagua wawakilishi wa kusaidia kuunda kazi mpya na kupanga malipo. Katika viwili vya wakaguzi wa nguo walishiriki wote, na mapendekezo yakamiminika hata karani akapata taabu kuyaandika. Katika vikundi hivi hakuna aliyeacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza, na wakaguzi hao walipanda hadi asilimia 14 hivi juu ya kiwango chao cha awali.

Je, wapiga pasi walikuwa wakaidi tu? Baada ya miezi miwili na nusu, 13 waliobaki walihamishiwa kazi nyingine, safari hii wote wakishirikishwa. Kasi ikarudi upesi, ikapita ile ya zamani.

Ushiriki huo ulikuwa na mpaka: uongozi ulikuwa umeshaamua kwamba kazi itabadilika. Lakini wafanyakazi walipata sauti katika muundo wa kazi na bei ya kipande, yaani penye riziki yao. Jaribio liliporudiwa katika kiwanda cha viatu nchini Norway, na matokeo kuchapishwa mwaka 1960, wafanyakazi walishirikishwa katika mambo yasiyogusa sana uzalishaji, nao uzalishaji haukupanda.