Huyu Kafanywa Nini? Kuwasikiliza Duma Nikiwa Msimbati

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa Msimbati kwa bibi yangu. Anayeijua njia anajua: ukitoka Mtwara mjini unaelekea kusini, unapita Madimba, minazi inazidi kuwa mingi, halafu barabara inaishia baharini. Mbele zaidi ni mdomo wa mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Bibi alikuwa anabangua korosho uani. Mimi nimekaa kwenye mkeka na kispika changu, nasikiliza albamu niliyoahidi kuiandikia na kwa wiki tatu sikuwa nimeandika hata sentensi moja. Nikasahau kupunguza sauti.

Bibi aliacha kubangua. Akasikiliza kama dakika nzima, maana si mtu wa kukurupuka. Kisha akauliza:

“Mjukuu wangu, huyo mtu kafanywa nini?”

“Bibi, huo ni muziki.”

“Sijakataa. Nimekuuliza kafanywa nini.”

Nimesoma mapitio kadhaa ya albamu ile, karibu yote ya Kiingereza, na sikumbuki hata moja lililouliza swali hilo. Waandishi wengi wanashangaa tu kwamba kelele za namna hii zimetoka Nairobi. Bibi hakujali zimetoka wapi, alitaka kujua zimetokana na nini. Basi makala hii nitaiandika kwa kufuata swali lake, kwa sababu langu mwenyewe sikuwa nalo.

Albamu yenyewe inaitwa Duma, na kundi nalo ni Duma. Kwa sisi wa Kiswahili jina hilo ni mnyama mwenye mbio, na ukisikia ngoma zao utadhani umeelewa. Lakini wenyewe walilitoa kwenye Kikuyu, ambako maana yake ni giza. Na ukienda Nairobi ukaagiza nduma, utaletewa magimbi na chai. Ndiyo raha na tabu ya ukanda wetu, neno moja linavuka mpaka likiwa limebadili nguo. Hata lebo iliyowatoa, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, jina lake nisingelitamka mbele ya bibi. Kwa Waganda ni ule mzuka unaokushika ghafla ukajikuta unacheza. Kwetu, mnajua wenyewe. Nadhani jina nalo lilichangia waziri wa maadili wa Uganda kutangaza mwaka 2018 kwamba tamasha lao la Jinja lisifanyike, kabla serikali haijalegeza.

Duma ni watu wawili. Martin Kanja, ajiitaye Lord Spikeheart, ndiye sauti. Sam Karugu ndiye mashine, gitaa na mpangilio wa vyote. Wote walitoka kwenye metali ya Nairobi, muziki ambao umekuwepo miaka mingi bila redio kuujali: Kanja akiimba katika Lust of a Dying Breed, Karugu akiwa Seeds of Datura. Mwaka 2019 waliungana, wakaenda Kampala kurekodi katika studio ya Nyege Nyege, na albamu ikatoka Agosti 2020, nyimbo tisa. Mwezi huo dunia ilikuwa imefungwa kwa korona. Muziki uliotengenezwa ili ukugonge kifuani ndani ya ukumbi uliojaa ukawafikia watu kupitia visikizio vya masikioni, kila mtu chumbani kwake. Hata hivyo ukasambaa. Magazeti makubwa ya muziki ya Ulaya na Marekani yakauandika, na baadaye Sub Pop, lebo ya Seattle, ikawatolea santuri ndogo.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na aina hii, historia fupi. Mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle la Uingereza lilianzisha lebo likaiita Industrial Records, na jina la kiwanda likawa jina la muziki. Wazo lao lilikuwa kwamba maisha yamezungukwa na mitambo, basi sanaa iache kujifanya iko bustanini. Mwaka 1980 Einstürzende Neubauten wa Berlin Magharibi wakaanza kupiga mabati, nyundo na vyuma chakavu kama ala. Ulikuwa muziki wa miji iliyozalishwa na viwanda na sasa inaviona vinachoka.

Duma wameuchukua urithi huo, wakauchanganya na kasi ya metali kali kabisa, lakini hawana kiwanda cha kuomboleza. Nairobi na Kampala hazikuwahi kuwa Manchester. Mitambo yao ni ya aina nyingine, jenereta, matatu, spika iliyopasuka, simu ya bei rahisi. Sikiliza wimbo wa kwanza, “Angels and Abysses”. Ngoma ya mashine inapiga kwa uzito, sauti ya Kanja inatokea nyuma yake kama mtu aliye ndani ya tangi la maji. Ukifika “Lionsblood” mapigo yameongezeka hadi huwezi kuyahesabu, yanageuka kuwa ukuta. Na sauti inafanya nini? Inapanda, inashuka, mara ni mngurumo wa chini kabisa, mara ni ukelele mwembamba kama wa chuma kinachokatwa. Neno moja moja linachomoza kisha linazama.

Hapa mpenda fasihi atalalamika, na mimi nililalamika. Kama maneno hayasikiki, tunahakiki nini?

Jibu langu nililipata kwenye ngoma ya nyumbani. Aliyekulia kwa Wamakonde anamjua lipiko, yule mchezaji wa kinyago anayetoka wakati wa jando. Nilimwona nikiwa mdogo, nikakimbia nikajificha nyuma ya kanga za shangazi. Lipiko niliyemwona mimi hakusema neno. Alitetemesha mwili, kengele za kiunoni zikalia, na wapiga ngoma wakawa kama wanamuuliza naye anawajibu kwa bega, kwa shingo, kwa mguu. Hakuna mtu mzima pale aliyesema hakuelewa. Utisho ule ulikuwa na sarufi. Ulijua lini anakuja, lini anarudi nyuma, lini amemaliza.

Duma wanafanya kazi kwa sarufi inayofanana, ingawa sidai kwamba waliitoa Umakondeni. Mashine ya Karugu inauliza, koo la Kanja linajibu. Msikilize Karugu anavyokata mapigo ghafla, anaacha nafasi ya sekunde moja au mbili, na katika nafasi hiyo unasikia pumzi. Pumzi tu. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha albamu. Kelele nyingi za kompyuta huchosha kwa sababu hazina mwili ndani yake. Hizi zina mtu ndani, na mtu huyo anaishiwa pumzi.

Tena masikio yetu yameandaliwa kuliko tunavyokiri. Vijana wa Dar walikuwa wakipiga mchiriku kwa vinanda vidogo vya Casio na spika za pembe zilizopasuka muda mrefu kabla Jagwa Music hawajatoa albamu yao Ulaya mwaka 2012. Singeli ya Manzese na Mbagala inapita mapigo 200 kwa dakika, na watu wanaichezea harusini. Nyege Nyege walikusanya sauti hizo katika Sounds of Sisso mwaka 2017. Kwa hiyo mtu wa Mtwara akisikia Duma, kasi si ugeni. Ugeni ni kwamba hakuna furaha. Singeli inakimbia ikicheka. Duma wanakimbia kwa sababu kuna kitu nyuma yao, na hawasemi ni nini.

Zipo kasoro, nisizifiche. Majina ya nyimbo mara nyingi ni ya duka la metali la kawaida: malaika, kuzimu, dhambi, na “Pembe 666” yenye namba ya mnyama wa Ufunuo. Kijana yeyote wa metali duniani angeweza kuyaandika. Muziki umekwenda mbali kuliko majina yake. Pili, katikati ya albamu kuna sehemu ambapo ukali unazoeleka, na ukali uliozoeleka ni kelele za jirani tu. Tatu, lipo suala la nani anatufikishia muziki huu. Nyege Nyege walianzishwa na Wazungu wawili walioishi Kampala, na soko lao kubwa ni tamasha za Ulaya. Wamefanya kazi ambayo hakuna lebo yetu iliyoifanya, hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini matokeo yake ni kwamba Duma walihakikiwa Berlin kabla ya kusikika Nakuru, na msamiati wa kuwazungumzia ukaundwa na watu waliohitaji kwanza kuuzoea mshangao wao.

Kanja mwenyewe anaonekana kuliona hilo. Baada ya albamu ile alitoa sauti yake kwa wengine, mfano katika Tewari ya Scotch Rolex ya mwaka 2021. Kisha akaanzisha lebo yake, akaiita Haekalu. Ukilisoma kwa sauti unasikia hekalu. Mwaka 2024 akatoa albamu yake binafsi, The Adept, yenye wageni wengi kutoka nchi nyingi. Aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, bibi wa kizazi cha juu katika ukoo wake, mwanamke aliyefikia cheo cha jemadari katika Mau Mau. Mama huyo alikaa msituni hadi uhuru wa 1963. Nywele alizozifuga huko hakuzikata hadi mwaka 2022, na mwaka uliofuata akafariki.

Sasa ndipo swali la bibi yangu linaponibana. Kafanywa nini? Albamu ya Duma haijibu. The Adept inajibu, angalau kwenye jalada na maelezo yake: kulikuwa na vita, kulikuwa na mkoloni, kulikuwa na mwanamke msituni na familia iliyobaki na kumbukumbu. Na bado, kwa masikio yangu, Duma ndiyo kazi bora. The Adept ina mambo mengi, wageni wanaingia na kutoka, kila wimbo una mtayarishaji wake na rangi yake, na sauti ya Kanja wakati mwingine inakuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Ile ya watu wawili ilikuwa na mvutano ambao umati hauwezi kuutengeneza. Karugu alimnyima Kanja nafasi, na kwa kunyimwa akawa mkubwa.

Lakini niwe mkweli, sina uhakika kama ninapenda Duma zaidi kwa sababu ni bora, au kwa sababu kutojibu kunanifaa. Mwezi wa tano mwaka 2013 nilikuwa Mtwara mjini, siku zile watu walipokataa gesi isisafirishwe kwenda Dar. Nakumbuka milio. Nakumbuka moshi, na jirani akiita jina la mwanawe mara nyingi mpaka jina likaacha kuwa jina. Watu walikufa mwaka ule. Bomba likajengwa, zaidi ya kilometa 500, likazinduliwa Oktoba 2015, na leo ukienda Msimbati unapita pembeni ya mitambo ya Madimba ukiwa kwenye bodaboda unazungumzia bei ya korosho. Nimejaribu kuziandika siku zile mara nne. Kila mara inatoka taarifa ya habari, safi, yenye tarehe, isiyo na ile sauti ya jirani.

Ndiyo maana albamu ya vijana wawili wa Nairobi wasioijua Mtwara ilinishika wiki tatu. Nilisikia kwamba kuna njia ya kushika kitu kile bila kukigeuza taarifa. Kisha nikasikia, kupitia The Adept, kwamba njia hiyo haitoshi peke yake. Anayepiga ukelele bila kutaja anayelia anaweza kuchezewa katika ukumbi wowote wa Ulaya na wasikilizaji wakarudi nyumbani wametakasika, bila kudaiwa chochote. Spikeheart alipotaja jina la Muthoni alilipa gharama kidogo ya kisanii, na nadhani alifanya sawa kulipa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnaosoma hapa: zisikilizeni zote mbili, Duma kwanza, kwa spika na si visikizio, na kama kuna mzee nyumbani msimfukuze.

Siku ile, bibi aliponiuliza mara ya pili, niliona aibu nikazima kispika. Akaniangalia, akaokota korosho nyingine.

“Mbona umezima? Mwache amalize.”