Kasi au Kuwahi? Uhakiki wa Istilahi za Uteuzi wa Prosesa kwa Msomaji wa Giheta

Istilahi "wakati halisi" imeenea katika maandishi ya Kiswahili kuhusu kompyuta. Udhaifu wake hudhihirika inapotumiwa kueleza uteuzi wa prosesa ya kudhibiti mwendo wa mota. Kwa fundi wa Giheta, mkoani Gitega, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, hiyo ni tafsiri sisisi ya istilahi anayoijua tayari. Haimwongezei maarifa.

Udhibiti unaorudiwa mara 20,000 kwa sekunde huipa prosesa mikrosekunde 50 kwa kila mzunguko. Saa ya prosesa ikiwa ya megahezi 100, hayo ni mapigo 5,000. Katika muda huo prosesa hupima mkondo wa umeme, hukokotoa sini na kosini za pembe ya mota, kisha hutoa amri. Jibu sahihi lililochelewa halifai, kwa kuwa mota imekwisha kusogea.

Neno "kasi" nalo hupotosha. Cortex-M3 haina kitengo cha maunzi cha kukokotoa namba za nukta inayoelea. Cortex-M4 yaweza kuwa nacho, lakini cha usahihi wa kawaida tu, si maradufu. Hivyo prosesa mbili zenye saa sawa hazilingani kikazi. Aidha, katika lugha ya C, 1.0 ni namba ya usahihi maradufu, ilhali 1.0f ni ya usahihi wa kawaida. Herufi moja ikisahaulika, kitengo kilicholipiwa chaweza kukaa bure huku programu ikifanya hesabu hiyo kwa mapigo mengi zaidi. Ushauri wa kununua "prosesa yenye kasi" hauyagusi haya.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa: kuwahi. Aliyetembea polepole akalikuta basi amewahi. Aliyekimbia akalikosa hakuwahi. Yaweza kupingwa kwamba kitenzi hiki pia huonyesha tajiriba, kama katika "umewahi kufika Gitega?" Hata hivyo, muktadha huondoa utata huo, na "udhibiti wa kuwahi" humwelekeza fundi kwenye swali linalostahili: je, hesabu ndefu kuliko zote itakamilika kabla ya mzunguko unaofuata?

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yafaa yapime istilahi kwa kigezo hiki: si ulinganifu wake na neno la kigeni pekee, bali uamuzi unaomwezesha mtumiaji kuufanya.