Mbio za Dubai Zilizofia Kwenye Karatasi

Kuandaa mashindano mapya ya mbio za kuteleza kwenye barafu kunaonekana rahisi. Anayetaka akodi ukumbi, agandishe maji, atangaze zawadi. Kinachomkwamisha ni wanamichezo, na hilo kampuni ya Korea Kusini iitwayo Icederby ilikuja kulibaini ilipopanga mashindano yake Dubai mwaka 2014.

Wazo lilikuwa zuri. Mchezo huu una matawi mawili yasiyokutana: wa njia ndefu hukimbia kwenye mzunguko wa mita 400, wa njia fupi kwenye mzunguko wa mita 111 na ushei. Icederby ilibuni njia ya mita 220 ili mabingwa wa pande zote mbili wapambane, kwa zawadi za fedha ambazo wengi wao hawakuwa wamezizoea.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, lililoundwa mwaka 1892, likagoma kuyaidhinisha. Hoja yake ilikuwa kamari: Icederby ilihusishwa na ubashiri wa matokeo, nalo shirikisho lilisema linalinda heshima ya mchezo. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mbio zinazouzwa matokeo si mbio tena. Lakini tazama silaha iliyotumika. ISU haikuwa na mamlaka yoyote juu ya kampuni ile, kwa hiyo adhabu iliwaelekea wakimbiaji. Kwa kanuni za wakati huo, aliyeshiriki mashindano yasiyoidhinishwa aliweza kufungiwa maisha: hakuna ubingwa wa dunia, hakuna Olimpiki. Nani angehatarisha hayo kwa mbio za siku chache? Icederby ilikosa washiriki, mpango ukaachwa.

Waholanzi wawili hawakukubali yaishie hapo. Mark Tuitert, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, na Niels Kerstholt wa njia fupi walipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya mwaka huohuo wa 2014. Ufundi wa kesi yao uko hapa: hawakuishika kamari, mahali ambapo ISU ilikuwa imejiandaa kujitetea. Walishika sheria ya ushindani wa kibiashara. ISU huandaa mashindano na kupata fedha kwayo, na papo hapo ndiyo inayoamua kama mshindani wake aruhusiwe. Ni refa aliyeingiza timu yake uwanjani.

Mwaka 2016 ISU ilipunguza makali ya adhabu, ikiweka ngazi kulingana na uzito wa kosa, ingawa kufungiwa maisha kulibaki kwa makosa mazito kabisa. Haikutosha. Tarehe 8 Desemba 2017 Tume iliamua kwamba kanuni hizo zinavunja sheria ya Ulaya. Haikutoza faini, ila iliipa ISU siku 90 kujirekebisha. Mahakama ya ngazi ya kwanza ya Umoja wa Ulaya iliunga mkono uamuzi huo, kwa sehemu kubwa, Desemba 2020, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikafunga mjadala tarehe 21 Desemba 2023, siku ileile ilipotoa hukumu kuhusu Super League, mradi wa ligi huru ya soka.

Hukumu haikuyanyima mashirikisho haki ya kuidhinisha mashindano. Iliyataka yawe na vigezo vilivyo wazi, visivyobagua, na adhabu inayolingana na kosa. Mahakama iligusa pia usuluhishi wa migogoro ya michezo unaofanyika Lausanne, Uswisi, ambako mwanamichezo hulazimika kupeleka shauri lake: pasipo mahakama za Ulaya kuweza kuhakiki uamuzi wake, kinga ya shirikisho huzidi kuwa nene.

Ushindi huo ni mkubwa, na yeyote anayeandaa mashindano huru leo ana cha kuegemea. Ila kasoro yake ni muda. Miaka tisa ni mirefu kuliko kilele cha wakimbiaji wengi. Hukumu ilipotoka, Tuitert alikuwa na umri wa miaka 43 na alikwishastaafu. Mashindano ya Dubai hayakufanyika. Anayetaka kujaribu tena aidai ISU vigezo vyake kwa maandishi kabla hajatangaza tarehe, kwa sababu sasa inalazimika kuvitoa.