Salamu katika Barua za Askari wa Burma

Asomaye barua ya zamani ya Kiswahili aghalabu huzipita salamu kwa haraka. Kwake salamu ni makapi, na habari ndiyo punje. Kwa barua ya biashara huenda desturi hiyo isimpoteze sana. Lakini kwa barua za askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, yampoteza kabisa, maana katika barua hizo salamu ndizo habari zenyewe.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka 1943. Mwaka 1944 iliingia Burma, ikashuka bonde la Kabaw katika majira ya mvua kubwa, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin. Nyumbani kwao askari hao kulikuwa ng'ambo ya bahari, na bahari yenyewe haikuwa na amani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mama aliyebaki kijijini hakuwa na haja ya kujua jina la mto wala la bonde. Alitaka kujua kama mwanawe yu hai. Maneno ya kawaida kama "mimi mzima, hofu ni kwenu", yakiwa na tarehe juu yake, yalimjibu swali hilo moja. Hapana habari ya vita iliyoweza kuyapita kwa thamani.

Kalibu ya barua hizo haikuzaliwa kambini. Barua za Kiswahili alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892 zaonyesha kwamba desturi ya kutanguliza heshima na salamu, kisha kuliingia jambo lenyewe, ilikuwa imekwisha kukomaa pwani zamani. Askari wengi hawakuwa watu wa pwani, wala Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Kiswahili cha kambini, kilichoitwa Kikeya kwa ajili ya jina la jeshi la K.A.R., kilikuwa lugha ya amri, na upatanisho wa maneno ulikuwa haba. Lugha ya namna hiyo yatosha kumwamuru mtu achimbe handaki, lakini haitoshi kumwamkia baba. Kwa hiyo askari alipoandika au kuandikiwa barua, ile kalibu ya kale ilimpa usemi wa adabu ambao gwaride halikumpa. Kwa muda wa ukurasa mmoja aliacha kuwa namba, akawa tena mwana wa fulani.

Pamoja na hayo, barua haikuwa siri ya watu wawili. Asiyejua kuandika alimwambia mwenziwe au karani amwandikie. Mkaguzi wa jeshi aliisoma na kufuta majina ya mahali na mambo ya mapigano. Ikifika kijijini, mara nyingi ilisomwa kwa sauti na mwalimu au kijana wa shule, jamaa wakisikiliza. Mambo ya mume na mke yangesemwaje mbele ya masikio yote hayo? Yalisemwa kwa mpango wa salamu. Orodha ya wasalimiwa ni ramani ya ukoo: nani atangulia, nani afuata, nani ametajwa kwa jina na nani amefunikwa katika "wote wanaoniuliza". Ndugu aliyerukwa alijua kwamba amerukwa. Hata agizo la fedha, kama apokee mke au apokee baba, lilipata nguvu kwa kuwa lilisomwa mbele ya mashahidi. Mkaguzi hakuona la kufuta, na wenyewe walikuwa wamekwisha kuelewana.

Yawezekana kupinga kwamba karani mmoja aliwaandikia watu wengi kwa maneno yale yale, basi sifa ni yake, si ya askari. Pingamizi hili lina ukweli, nalo lafundisha namna ya kusoma. Maneno ya kalibu yasihesabiwe kuwa ya mtu mmoja. Yatazamwe pale yanapovunjika: jina lililorudiwa mara mbili, swali la ghafula juu ya ng'ombe au mtoto, salamu iliyokatwa fupi. Hapo ndipo sauti ya msemaji ipenyapo katika mkono wa mwandishi.

Kwa bahati mbaya, sehemu kubwa ya yaliyohifadhiwa katika nyaraka za serikali ni vipande vilivyochaguliwa na wakaguzi na kufasiriwa kwa Kiingereza. Mkaguzi alitafuta manung'uniko na hatari, akaziacha salamu. Hivyo mtaalamu ategemeaye vipande hivyo peke yake husoma barua kwa macho ya mkaguzi, naye huweza kudhani kwamba askari hakuwa na neno ila malalamiko. Ni tofauti na Barua za Shaaban Robert 1931-1958, zilizochapwa mwaka 2002, ambazo zilidumu kwa sababu nduguye Yusuf Ulenge alizitunza. Shaaban Robert hakuwa askari, lakini aliitungia vita hiyo Utenzi wa Vita vya Uhuru, nao umepata mahali pake katika historia ya fasihi. Utenzi huo wasimulia vita ya mataifa. Barua ya askari yasimulia nyumba moja iliyokuwa ikingoja.

Barua hizo chache zilizosalia katika masanduku ya jamaa zastahili kunakiliwa nzima, kwa Kiswahili chake na makosa yake, tangu salamu ya kwanza hata ya mwisho. Ajaye kuzinakili akiziacha salamu kwa kuokoa karatasi, atakuwa ametunza bahasha na kuitupa barua.