Uso na Mgongo: Kusoma Sweta ya Mtoto Mchanga

Sweta iliyo mbele yangu ni ndogo; viganja viwili vikikunjuliwa juu yake vinakaribia kuifunika yote. Ilifumwa Pangi kwa uzi wa manjano, ule uzi wa viwandani unaouzwa kwa vibonge sokoni, na mama aliyeifuma huiita trikoti. Haina ua wala herufi, haina rangi ya pili, na kifungo chake ni kimoja tu, begani. Anayeitazama kwa haraka atasema ni kazi sahili, nami nakubali, ila kwa maana ambayo wahakiki wa ushairi hulipa neno hilo: usahili uliotokana na uteuzi mkali, ambapo kila kilichobaki kina kazi yake na kila kilichoachwa kimeachwa kwa makusudi.

Pangi, nchini Kongo, ni nchi ya Balega, na Balega hawakungoja mtu wa kuwafundisha kwamba kitu cha mkono husomwa. Katika mafunzo ya Bwami, chama chao cha madaraja, sanamu ndogo ya pembe, gamba la kakakuona au mdomo wa ndege huletwa mbele ya wanaofundwa, hushikwa, hugeuzwa, huchezwa nao ngoma, na kila mara huandamana na methali inayofungua upande mmoja wa maana yake; kitu hichohicho, kikiletwa katika daraja jingine, kinaweza kubeba methali nyingine. Serikali ya Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo vituo vya wanawake vilivyoitwa foyers sociaux vilikuwa vikienea mijini na katika kambi za wafanyakazi wa Kongo, vikifundisha kupika, kushona na kufuma nguo za watoto. Shule moja ya kusoma vitu ilifungwa, nyingine ya kuvitengeneza ikafunguliwa, na sindano mbili zikabaki mikononi mwa akina mama hata baada ya walimu kuondoka. Mimi naisoma sweta hii kwa adabu ya shule ile ya kwanza: kwa kuigeuza.

Tuanze na kipashio chake kidogo kabisa, yaani kitanzi. Mkeka na kikapu husukwa kwa miaa au fito nyingi zinazopishana, kila moja ikibaki na mwanzo na mwisho wake. Sweta haisukwi hivyo. Uzi mmoja unapinda na kuwa kitanzi, kisha sindano inachungulia ndani ya kitanzi hicho na kuvuta humo kitanzi kingine, na hicho cha pili ndicho kinachokishika cha kwanza kisiponyoke. Tendo ni hilo moja tu, likirudiwa mara elfu kadhaa. Kwa kuwa vitanzi havikufungwa kwa fundo bali vinashikana kwa kupitiana, nguo inaweza kutanuka pande zote na kurudi, na katika matundu yake inakaa hewa tulivu inayohifadhi joto. Wanaoshangaa sweta ya nini katika msitu ulio nyuzi tatu hivi kusini mwa Ikweta hawajabeba mtoto wa siku mbili alfajiri ya mvua. Mwili mdogo namna ile hupoteza joto upesi mno.

Kutokana na tendo hilo moja, sanaa ya ufumaji imepata jozi yake ya msingi. Kitanzi kikivutwa kuja upande wa mfumaji, mbele yake huonekana kama majani mawili madogo yaliyokutana kwenye kikonyo kimoja. Hicho nakiita kitanzi cha uso. Kikisukumwa kwenda upande wa pili, mbele yake hubaki kinundu cha kulala. Hicho ni kitanzi cha mgongo. Vitabu vya mafunzo huvitaja kama vitanzi viwili, na mwanafunzi huvikariri kama irabu mbili. Lakini igeuze nguo uone: kila kitanzi cha uso ni kitanzi cha mgongo kwa yule aliye upande wa pili. Ni umbo moja lenye watazamaji wawili. Sijui sanaa nyingine ambamo tofauti ya msingi ya lugha yake ni tofauti ya mahali aliposimama msomaji, wala si ya kitu chenyewe.

Hapa ndipo pana jambo linalonivutia kuliko yote. Sweta hii imefumwa vipande vipande, na mfumaji alipofika mwisho wa kila mstari aliigeuza kazi na kurudi alikotoka. Kama angefuma vitanzi vya uso katika kila mstari, akirudia tendo lilelile bila kubadili, nguo ingetoka na matuta ya mlalo kama shamba la viazi, tuta na bonde, tuta na bonde. Ili kifua kitoke laini, chenye nguzo za majani zinazopanda bila kukatika, ilimbidi afanye kinyume: mstari mmoja wa vitanzi vya uso, unaofuata wa vitanzi vya mgongo, akibadili kila alipogeuka. Anayerudia hupata mabadiliko, na anayebadili hupata marudio. Mhakiki aliyezoea kulinganisha takriri katika matini na takriri katika athari yake atatambua kwamba viwili hivyo si lazima viende pamoja, na kwamba ulaini wa kifua hiki unaficha mkono uliokuwa ukigeuka bila kukoma.

Ulaini huo una gharama. Nguo ya aina hiyo ikiachwa peke yake hujikunja, kingo za pembeni zikielekea mgongoni, za juu na chini zikielekea usoni. Ndiyo maana pindo la sweta hii, kiasi cha sentimita tatu, halikufumwa kwa namna ya kifua. Hapo kitanzi cha uso kimefuatwa na cha mgongo, kisha cha uso tena, na mstari uliofuata umepanga uso juu ya uso na mgongo juu ya mgongo, mpaka ikajitokeza mifereji ya wima. Nguzo za uso zinasogea mbele, za mgongo zinarudi ndani, na nguo inajibana kwa upana, tayari kutanuka mtoto anapovuta pumzi. Macho huliona pindo kama pambo. Kimuundo ni kituo kinachoizuia sentensi nzima isijiviringishe.

Nimehesabu vitanzi vya pindo la mbele: 53. Idadi ni witiri, na haikuja kwa bahati. Mifereji iliyoanza na uso inaishia na uso. Kipande cha nyuma kadhalika. Na vipande hivyo viwili viliposhonwa ubavuni, mshono ukila nusu ya kitanzi kila upande, zile nusu mbili zikawa nguzo moja kamili, na mdundo ukaendelea kuzunguka kiuno bila kuruka pigo. Ilinichukua muda kuupata mshono kwa macho. Kidole ndicho kilichoupata.

Idadi hiyo inategemea mkazo, yaani vitanzi vingapi vinaingia katika sentimita kumi. Kwa mkono wa mama huyu ni 22, hivyo vitanzi 53 vinampa upana wa sentimita 24, na mzunguko wa 48. Mwingine mwenye mkono mlegevu kidogo, wa vitanzi 20, angefuata maelekezo yaleyale kwa uaminifu na kupata mzunguko wa 53. Mkazo basi ni kama sauti ya msomaji katika shairi: haumo katika karatasi, na bila huo karatasi haitoshi. Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi zake Marekani, alitambua hilo alipoegemeza vipimo vyote vya sweta, hata upana wa mikono, juu ya idadi moja tu, ile ya kifua kwa mkazo wa mfumaji mwenyewe.

Shingo ndipo ufundi unapojaribiwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake. Tundu likiwa dogo halipiti, likiwa kubwa mabega yanabaki wazi. Mfumaji amejibu kwa kifungo cha begani na kwa kufunga vitanzi vya mwisho kwa ulegevu. Penye mteremko wa shingo amepunguza kwa kufuma vitanzi viwili pamoja, na hapo nataka msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu vitanzi viwili vikichukuliwa pamoja kwa njia ya kawaida hulala kuelekea kulia. Upande mmoja wa shingo unahitaji hivyo. Wa pili unataka vilale kushoto, na ili kupata hilo lazima kila kitanzi kihamishwe kwanza, kigeuzwe mkao, ndipo viwili vifumwe pamoja. Wengi hawajisumbui. Yeye amejisumbua, tena ameyafanya hayo ndani kidogo ya ukingo, akiacha nguzo moja nzima itiririke kando ya shingo kama mstari wa wino.

Kiswahili kimetangulia mbele ya hoja hizi zote. Kutoka kufuma tumepata mfumo, neno tunalolitumia kila siku kwa serikali na kwa sarufi bila kukumbuka uzi. Na kwa kauli ya kutendua tumepata kufumua, iliyo sehemu ya sanaa hii wala si uharibifu wake. Sweta hufumwa kutoka pindoni kwenda shingoni na hufumuka kutoka shingoni kurudi pindoni, mstari kwa mstari, kwa sababu kila kitanzi kinakitegemea kilicho juu yake kukishika. Mtoto akikua, uzi huu utafumuliwa. Utatoka umejikunjakunja, ukiwa bado na umbo la kila kitanzi ulichokuwa, mpaka uoshwe na kuning'inizwa ndipo unyooke na kuwa bonge tena, kwa ajili ya ndugu yake.

Nimeigeuza ndani nje kwa mara ya mwisho. Mgongoni mwa bega la kushoto, karibu na kifungo, uzi umekatwa, ukapitishwa ndani ya kitanzi cha mwisho, kisha ukafichwa kwa sindano ya kushonea chini ya vinundu sita au saba. Ncha yake imebaki nje kidogo, urefu wa punje ya mchele. Nimeigusa kwa ukucha, nikairudisha ndani.