Wadogo Wamsubiri Kaka: Kusoma Injini Mbili za Sataranji

Kuna maandishi ambayo wahakiki hawayagusi kabisa: faili zinazoiambia kompaila ijenge programu vipi na kwa ajili ya mashine gani. Ndiyo, Makefile. Watu huiruka tu, wanaandika make, wanabonyeza Enter, wanaenda kuweka chai. Mimi naisoma kama dibaji. Humo mwandishi anataja wageni aliowatarajia, na usipojiona kwenye orodha, basi ushajua.

Leo nazisoma injini mbili ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, Crafty na Stockfish, na kuna msomaji mmoja niliye naye akilini. Ukiwa Nairobi unamjua. Ni yule msee aliyenunua wakistesheni ya ex-UK, tuseme HP Z600, mashine iliyostaafishwa na ofisi fulani ng'ambo ikaletwa huku kuanza maisha upya. Ndani ina prosesa mbili za Xeon za familia ya 5600, kila moja na viini sita. Viini 12! Kwenye karatasi huyo ni mnyama. Halafu anapakua Stockfish ile iliyoandikwa kuwa ya kasi zaidi, anaiwasha, inakufa papo hapo ikilalamika kwamba imepewa amri isiyojulikana. Hakuna kilichoharibika. Programu hiyo ilijengwa kwa amri za AVX2, ambazo Intel ilianza kuzitia kwenye chipu zake mwaka 2013, na Xeon yake ni ya 2010. Aliletewa barua ya mtu mwingine. Dawa ni kuchukua msimbo wenyewe na kuujenga nyumbani, na hapo ndipo usomaji unapoanza.

Crafty ni kitabu cha mtu mmoja. Robert Hyatt, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham, Marekani, alikuwa mmoja wa waandishi wa Cray Blitz, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1983 na 1986 ikiendeshwa kwenye kompyuta kubwa za Cray. Miaka ya 90 akaandika Crafty kwa lugha ya C, ili mashine za kawaida zipate kitu. Fungua faili ya main.c na kabla hujafika kwenye amri yoyote unakutana na maelezo marefu ajabu, toleo baada ya toleo: nini kilibadilika, kwa nini, wapi palikuwa na kosa. Ni shajara, bana. Kuna riwaya zenye sauti hafifu kuliko hii.

Ukitaka Crafty itumie prosesa nyingi, lazima useme wakati wa kuijenga. Unaandika -DCPUS=4, na hiyo nne inakuwa dari: ukihamia mashine ya viini 12, unaijenga upya. Halafu ukishaiwasha unaiambia mt=4, la sivyo viini vingine vinakaa tu kama wageni wasiokaribishwa. Wengi huona hii ni usumbufu. Mimi naona ni msimamo. Hyatt anakudai uijue mashine yako kabla hujamwomba aitumie. Hata kufuli zinazozuia nyuzi mbili kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja kaziandika kwa lugha ya prosesa yenyewe, Intel kivyake, Alpha kivyake. Ni kazi ya fundi anayejua kila msumari.

Lakini utamu uko kwenye swali la msingi zaidi: viini vinne vinagawanaje kazi ya kufikiri? Sataranji ya kompyuta imejengwa juu ya utafutaji wa alfa-beta, na huo kwa tabia yake unaenda kwa foleni. Ukishapima hatua ya kwanza ukajua thamani yake, zilizobaki unatafuta tu sababu ya kuzitupa. Ukizituma zote kwa pamoja, viini vitatu vinatoa jasho kwenye matawi ambayo ya kwanza ingeyakata bure. Mjerumani Rainer Feldmann alitoa jibu lenye jina ambalo mtu wa huku halihitaji kufafanuliwa: ndugu wadogo wasubiri. Kaka mkubwa anaenda kwanza, akirudi na habari, wadogo wanaachiliwa wote. Crafty inafuata adabu hiyo. Na adabu ina gharama. Kwa makadirio ya Hyatt mwenyewe, kila prosesa ya ziada inaongeza takriban 0.7 tu, kwa hiyo prosesa nne zinafanya kazi ya 3.1.

Stockfish nayo ilikuwa na adabu hiyohiyo hadi toleo la 7, Januari 2016, ilipoiacha ikachukua kinachoitwa SMP vivu. Jina linasema kweli. Nyuzi zote zinaanza kutoka nafasi ileile, hakuna anayemsubiri mwingine, hakuna anayegawa kazi. Kitu kikuu kinachowaunganisha ni jedwali la kumbukumbu ambamo kila mmoja anatupa alichokigundua, na anayepita anaokota. Inaonekana kama fujo ya stage ya matatu, lakini kwenye mashine yenye viini vingi inafanya kazi vizuri, na msimbo wake ukawa mwepesi kusoma. Nakubali kwa shingo upande: kama maandishi, suluhisho hili linapendeza kuliko foleni ya ndugu.

Ninachokitilia shaka ni kingine. Stockfish ina amri inayoitwa bench. Kwa uzi mmoja, inapitia nafasi zilizopangwa na kutoa hesabu ya nodi, na hesabu hiyo inapaswa kuwa ileile kwenye Z600 yako na kwenye mashine mpya kabisa ya mtu Oslo. Ndiyo sahihi ya programu. Ikitoka tofauti, ulichojenga sicho. Washa nyuzi 12 na sahihi inapotea. Uliza nafasi moja mara mbili, unaweza kupata majibu mawili, kwa sababu nani aliokota nini mezani inategemea nani aliwahi. Sasa fikiria kijana anayebishana na kocha kuhusu kafara ya rook, halafu anasema "injini imesema." Injini ipi, saa ngapi, kwa nyuzi ngapi?

Makefile ya Stockfish yenyewe ina ukarimu ambao sikuutarajia. Orodha yake bado inataja PowerPC na mashine za biti 32, na siku hizi ukiiachia ARCH=native inaichunguza mashine yenyewe na kuchagua. Mwenye Z600 jina lake ni x86-64-sse41-popcnt, ambalo nakiri halitamkiki. Zamani kulikuwa na chaguo lililoitwa x86-64-modern, yaani ya kisasa. Baadaye likatangazwa limepitwa na wakati na kuelekezwa kwenye hilo jina refu. Ukisasa umestaafu! Hakuna mshairi angelipanga hivyo kwa makusudi.

Shida kubwa ya Z600 ilipata jibu la maana hata baadaye zaidi. Prosesa mbili maana yake ni kumbukumbu mbili, kila moja karibu na prosesa yake, na uzi unaosoma kutoka upande wa pili unachelewa. Toleo la 17, mwaka 2024, ndilo lililoboresha jambo hili kwa umakini. Mashine ya 2010 ilingoja miaka kumi na minne.

Kwa hiyo kwenye mashine hiyo ningejenga zote mbili. Stockfish kwa profile-build, inayoijenga programu, ikaiendesha, ikaijenga tena kwa kile ilichojifunza. Nyuzi 12 nikitafuta wazo, uzi mmoja nikitaka kumwonyesha kocha. Crafty ningeiacha kwenye folda yake, main.c ikiwa wazi, ya kusoma usiku stima ikiwepo.