Mgeni Mmoja, Maana Mbili

Kitabu Hosts and Guests, kilichohaririwa na Valene Smith mwaka 1977, kiliipa anthropolojia ya utalii jozi yake mashuhuri: mwenyeji na mgeni. Humo Dennison Nash aliutazama utalii kama sura ya ubeberu: nguvu husafiri na mgeni, mwenyeji hujipinda kumridhisha.

Mtaa wa Xiaobei, jijini Guangzhou, unaitikisa jozi hiyo. Mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam au Mombasa huja na fedha, hulala hotelini, hununua nguo na simu. Lakini nguvu haisafiri naye. Imefungwa katika tarehe ya mwisho ya viza. Naye anayemuuzia mara nyingi ni mhamiaji kutoka majimbo mengine ya China, asiye na usajili wa mkaazi wa jiji hilo. Mwenyeji, basi, ni nani?

Kitabu The World in Guangzhou (2017), cha Gordon Mathews na wenzake, tangu jaladani kinawaweka Waafrika hawa katika kundi la watu wa nje. Kiingereza kina neno la anayekaribishwa na jingine la asiye wa hapa. Kiswahili kina moja tu, mgeni, na ndilo linaloeleza zaidi. Aprili 2020, wakati wa janga la Uviko-19, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli za Guangzhou. Walilala wageni, wakaamka wageni.

Methali huagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu. Baadhi yao walikuwa wamelima kwa miaka; jembe halikuwafanya wenyeji.